Jinsi ya Kusoma PF3 na Ripoti ya Maiti Kabla ya Kuingia Mahakamani

Kesi nyingi za kupigana, kukatana na kubakwa hapa Tanzania hupitia karatasi moja: PF3, fomu ya polisi namba tatu. Kwa majirani zetu wa Kenya inaitwa P3. Majeruhi huipata kituoni, huipeleka hospitali, daktari huijaza, kisha hurudi polisi na kukaa kwenye jalada hadi siku ya ushahidi. Siku hiyo hakimu huuliza kama kuna pingamizi, mshtakiwa asiye na wakili hujibu hana, fomu hupokelewa na kusomwa kwa sauti, naye haambulii nusu ya kilichosomwa. Mara nyingi mlalamikaji naye hali yake ni hiyo hiyo.

Tangu sheria ilipobadilishwa mwaka 2021, Kiswahili ndicho lugha ya mahakama Tanzania Bara. Madaktari, hata hivyo, walisomea udaktari kwa Kiingereza kilichojaa Kilatini, na ndivyo wanavyoandika mpaka leo. Mwongozo huu ni wa majeruhi, ndugu wa marehemu, mshtakiwa anayejitetea mwenyewe, na wasaidizi wa kisheria wanaowasaidia watu hawa. Maneno ya kitabibu nitayaandika yanavyotamkwa, maana mahakamani utayasikia kabla hujayaona.

Kabla ya yote, shika jambo hili: daktari hasemi nani alifanya. Anasema alichokiona mwilini. Kazi yako ni kupima kama alichokiona kinakubaliana na maelezo ya mashahidi.

Hatua ya 1: Baki na nakala

Ukiwa majeruhi au ndugu yake, piga picha ya PF3 kila ukurasa kabla hujairudisha polisi. Karatasi huloa, hukunjika, na majalada huhamahama. Kama aliyeumia yuko hoi, wahi hospitali kwanza, fomu itafuata. Daktari aliyempokea atakuwa ameandika kwenye faili la hospitali, na PF3 inaweza kujazwa baadaye kutokana na faili hilo. Ikijazwa namna hiyo, hakikisha tarehe zote mbili zinaonekana: ya kuchunguzwa na ya kujaza. Fomu yenye tarehe ya wiki mbili baada ya tukio, bila maelezo, itamsumbua shahidi wako.

Ukiwa mshtakiwa, omba kuiona karatasi kabla hujajibu swali la pingamizi. Isome taratibu. Hakimu amezoea watu kuomba dakika chache.

Kisha kagua ya kawaida: jina, umri, tarehe na saa, jina la aliyechunguza, cheo chake, sahihi, muhuri. Usidharau fomu kwa sababu tu imejazwa na afisa tabibu badala ya daktari bingwa. Vituo vyetu vingi vya afya huendeshwa na hao, na mahakama hupokea ushahidi wao.

Hatua ya 2: Tenga alichoambiwa na alichokiona

Hapa ndipo watu wengi hupotea. Chukua mfano huu wa kubuni, ambao ni wa kawaida kabisa:

“C/O kukatwa panga kichwani 2/7. O/E laserasheni sm 4 kwa 1, paji la uso kulia, kingo zimechanika. Vilio la damu kigasha cha kushoto. GCS 15/15. Silaha: kitu butu.”

Herufi C/O maana yake mgonjwa analalamika kwamba. Yote yanayofuata hapo ni maneno ya mgonjwa, daktari ameyanakili tu. Herufi O/E maana yake baada ya kumchunguza nimeona. Hapo ndipo ushahidi wa daktari unapoanzia. Kwa hiyo ndugu anayetoka nje ya mahakama akisema “hata daktari kaandika panga” amekosea mstari. Daktari kaandika kwamba ameambiwa panga. Alichokiona yeye, akaandika kitu butu.

Hiyo 2/7 nayo imewahangaisha wengi. Inafanana na tarehe 2 Julai, lakini ni siku mbili: namba ya chini ni siku 7 za wiki. Kwa mtindo huo huo 3/52 ni wiki tatu, kwa kuwa mwaka una wiki 52, na 4/12 ni miezi minne. Ukiichukulia kama tarehe, unaweza kudhani daktari amesema tukio lilitokea mwezi mwingine kabisa.

Vifupisho vingine utakavyokutana navyo: alama ya reli (#) ni mvunjiko wa mfupa. NAD ni hakuna kasoro iliyoonekana, na sisitiza neno “iliyoonekana”, maana inahusu kilichochunguzwa tu. RTA ni ajali ya barabarani. BID ni alifikishwa akiwa tayari amefariki. POP ni plasta ngumu ya kushikiza mfupa, ile tunayoiita hogo. GCS ni kipimo cha fahamu cha Glasgow, kilichotungwa mwaka 1974: alama ya juu ni 15, mtu aliye macho na anayejibu sawasawa, ya chini kabisa ni 3, mwenye 8 kushuka chini ana jeraha baya la ubongo au yuko kwenye hali mbaya ya kupoteza fahamu. L na R ni kushoto na kulia kwa mgonjwa. Wewe unayemtazama mkiwa uso kwa uso, kwako ni kinyume.

Hatua ya 3: Tambua aina ya jeraha, kisha uulize silaha

Hii ndiyo hatua yenye uzito kuliko zote kwenye kesi za kujeruhi. Majeraha ya kawaida ni matano.

Abrasheni ni mchubuko. Ngozi ya juu imekwanguliwa. Hauonekani wa maana, lakini unaonyesha mahali hasa nguvu ilipogusa, na wakati mwingine mwelekeo wake: aliyeburutwa barabarani ana mistari inayoelekea upande mmoja, na aliyekabwa kwa vidole huweza kuwa na alama za kucha shingoni.

Kontyusheni ni vilio la damu: ngozi haikupasuka, ila mishipa midogo chini yake imepasuka na damu ikavilia. Damu ikikusanyika mahali pamoja na kuvimba huitwa hematoma. Kumbuka kwamba vilio linaweza kutokea mbali kidogo na pigo. Mtu aliyepigwa kwenye paji huweza kuamka na macho meusi bila kuguswa machoni.

Laserasheni ni ngozi iliyopasuka kwa kugongwa au kuvutwa. Rungu, jiwe, ngumi yenye pete, lami ya barabara. Kingo zake zimechanika ovyo, zina michubuko pembeni, na ndani huonekana nyuzi za nyama zinazounganisha upande mmoja na mwingine.

Insaizdi ni jeraha la mkato: kisu, wembe, panga, kipande cha chupa. Kingo ni safi, hakuna nyuzi katikati, na urefu wake unazidi kina.

Stebu ni jeraha la kuchomwa. Hapo kina ndicho kinachozidi urefu. Usikubali kirahisi hoja kwamba kisu cha sm 8 hakiwezi kufanya jeraha la kina cha sm 11. Tumbo hubonyea linapochomwa kwa nguvu, na likirudi mahali pake kina huonekana kirefu kuliko kisu chenyewe.

Sasa rudi kwenye mfano wetu. Hati ya mashtaka inasema panga, fomu inasema laserasheni na kitu butu. Je, kesi imekufa? Bado. Panga lina makali, lakini lina ubapa na mgongo pia, na aliyepigwa kwa ubapa hapati mkato. Vilevile mahali ngozi ilipokaa juu ya mfupa bila nyama nyingi, kama kichwani, kwenye nyusi na kwenye ugoko, kitu butu kinaweza kupasua ngozi kwa mstari ulionyooka hadi ukadhani ni wembe. Na kuna jambo la tatu ambalo si la kisayansi, la kibinadamu tu: mhudumu wa zamu ya usiku, benchi limejaa, huandika laserasheni kwa kila ngozi iliyofunguka, hata iliyokatwa na kisu kikali.

Ndiyo maana mimi huona jina la jeraha ni dogo kuliko sifa zake. Tafuta kingo zimeelezwaje, urefu, upana, kina. Fomu iliyoandika “laserasheni, kingo safi, sm 7, kina sm 1” inajipinga yenyewe, na yeyote kati ya pande mbili anaweza kumuuliza daktari alimaanisha nini. Fomu iliyoandika “jeraha kichwani” pekee haina msaada kwa mtu yeyote, ila kwa mshtakiwa.

Hatua ya 4: Tafuta jeraha liko wapi

Maneno ya mahali ni machache na yakishajulikana hayasumbui. Antiria ni mbele, postiria ni nyuma. Mediali ni upande wa ndani, unaoelekea katikati ya mwili. Laterali ni upande wa nje. Kwenye mkono au mguu, proksimali ni karibu na kiwiliwili na distali ni kuelekea vidoleni.

Mifupa inayotajwa mara kwa mara: femu ni ya paja, tibia ni muundi, humerasi ni ya mkono juu ya kiwiko, radiasi na alna ni miwili ya kigasha, klavikoli ni mtulinga, mandibo ni taya la chini. Mvunjiko ukiitwa wa wazi, ngozi imefunguka hadi mahali mfupa ulipovunjika. Ukiitwa kominyuti, umevunjika vipandevipande, na hiyo kwa kawaida huashiria nguvu kubwa. Ukiitwa wa kukwaruka, yaani mstari tu, mfupa umepata ufa bila kuhama.

Mahali hueleza mkao wa watu. Alna iliyovunjika katikati, upande wa kidole kidogo, ni mvunjiko wa mtu aliyeinua mkono kujikinga na rungu. Mikato kwenye viganja na kwenye kigasha kwa nje ni ya mtu aliyejaribu kushika au kuzuia kisu. Katika mfano wetu, lile vilio la damu kwenye kigasha cha kushoto, ambalo hakuna shahidi aliyelitaja, lina thamani: linaunga mkono kwamba majeruhi alikuwa akijikinga. Mshtakiwa anayedai kwamba yeye ndiye aliyevamiwa naye atazame fomu yake mwenyewe. Aliyejitetea kweli aghalabu ana alama zake, na kama hakwenda kuchunguzwa, hana cha kuonyesha. Polisi wanaweza kumpa PF3 hata mtuhumiwa aliyeumia. Aiombe.

Hatua ya 5: Uliza jeraha lina umri gani

Watu husema vilio jekundu ni la leo, la bluu la jana, la kijani la juzi. Wataalamu wameachana na hesabu hiyo. Rangi hutegemea ngozi, umri wa mtu, kina cha damu na mwanga wa chumba, na kwenye ngozi nyeusi ni vigumu zaidi kuiona. Kinachoweza kusemwa kwa uhakika ni kidogo: rangi ya manjano haitokei kabla ya takriban saa 18 tangu pigo. Kwa hiyo daktari aliyeona manjano saa mbili baada ya tukio linalodaiwa ameona pigo la kabla ya hapo. Zaidi ya hapo, shahidi anayesema “hili ni la saa 36 zilizopita” aulizwe amepataje hizo saa.

Kwa jeraha la wazi angalia kama fomu inasema bichi, lina gamba, lina usaha au limeanza kupona. Hayo hayatoi saa, lakini hutenga jeraha la jana na la mwezi uliopita.

Hatua ya 6: Soma daraja la madhara kwa macho ya sheria

Fomu humtaka daktari aseme madhara ni ya kiwango gani. Hapa maneno ni ya kisheria ingawa yameandikwa na daktari. Kanuni ya Adhabu, Sura ya 16, inaeleza hivi, nikifupisha: madhara ni maumivu, ugonjwa au hitilafu yoyote ya mwili, ya muda au ya kudumu. Madhara ya hatari ni yanayotishia uhai. Kulemaza ni kuharibu au kukifanya kiungo au hisi isifanye kazi daima. Madhara makubwa yanakusanya hayo mawili ya mwisho, pamoja na yanayoharibu afya vibaya au kwa kudumu, yanayoacha sura imeharibika daima, na majeraha makubwa ya kiungo cha nje au cha ndani.

Tofauti hiyo ni miaka ya gerezani. Tanzania Bara, shambulio la kudhuru mwili lina adhabu isiyozidi miaka mitano; kusababisha madhara makubwa, miaka saba; na ukithibitika kukusudia madhara hayo makubwa, inaweza kufika maisha. Ng’ambo ya Namanga ufafanuzi ni karibu ule ule, umechapwa hata kwenye P3 yenyewe, lakini kwa Kenya madhara makubwa peke yake yanaweza kumfunga mtu maisha. Zanzibar ina sheria yake ya adhabu, hivyo aliye Unguja au Pemba asitumie namba za Bara.

Sasa tahadhari. Daktari akiweka alama kwenye “makubwa”, hiyo ni maoni yake, na mahakama haifungwi nayo. Hakimu anatazama maelezo: jino moja lililong’oka, jeraha la nyuzi nne lililopona, mfupa uliovunjika na kuunga. Mlalamikaji, rudi hospitali baada ya miezi miwili mitatu, uandikiwe hali yako ya sasa, hasa kama kidole hakikunji au jicho limepungua nguvu. PF3 ya siku ya tukio haiwezi kujua ya kudumu ni yapi.

Kesi za kujamiiana: maneno ya kusoma kwa uangalifu

Sheria ya Tanzania inasema kuingiliwa hata kidogo kunatosha kukamilisha kosa la kubaka. Ishike hiyo, kisha soma fomu.

“Kizinda hakipo” haithibitishi ubakaji. Kizinda hutofautiana kwa maumbile, na kinaweza kuwa kilishapata mabadiliko kabla. “Kizinda kipo” nako hakumtoi mshtakiwa, kwa sababu sheria haidai kichanike. Mwezi Oktoba 2018 Shirika la Afya Duniani na mashirika mengine ya Umoja wa Mataifa yalitaka vipimo vya bikira vikomeshwe, kwa kuwa havina msingi wa kitabibu. Ukikuta fomu imeandika tu kwamba vidole viwili vilipita, ujue sentensi hiyo haisemi chochote kuhusu siku ya tukio.

“Mchaniko saa 6” si wakati. Daktari huchukulia sehemu za siri kama uso wa saa, mgonjwa akiwa amelala chali: saa 12 ni juu, saa 6 ni chini kuelekea njia ya haja kubwa.

“Ameingiliwa na kitu butu” huwachanganya sana wazazi, wakadhani daktari amesema mtoto aliingizwa kijiti. Kwa lugha ya kitabibu uume nao ni kitu butu. Daktari anasema hakikuwa kitu chenye makali; hawezi kwa macho kusema kilikuwa nini.

“Hakuna mbegu za kiume” ina sababu tele: muda kupita, kuoga, kondomu, mtu kutofika mwisho. Wala michubuko si lazima. Watu wazima wengi waliobakwa hawana hata mmoja.

Kwa vitendo: nenda hospitali ndani ya saa 72, hata kama hujui utashtaki au la, maana dawa za kuzuia maambukizi ya VVU hazianzishwi baada ya muda huo. Usioge kwanza. Nguo ziwekwe kwenye mfuko wa karatasi. Nailoni hufungia unyevu na ushahidi ukaoza. Na Mahakama ya Rufani imerudia mara nyingi kwamba ushahidi bora wa kosa hili ni wa mwathirika mwenyewe. Fomu huunga mkono tu.

Ripoti ya uchunguzi wa maiti

Anza kwa kuuliza kama mwili ulifunguliwa. Familia nyingi, kwa imani au kwa uchungu, huomba marehemu asipasuliwe, na daktari huchunguza kwa nje tu. Ripoti ya namna hiyo inaweza kusema mengi kuhusu ngozi, lakini ikitaja damu iliyovuja ndani ya tumbo, uliza ameijuaje.

Kisha soma sababu ya kifo kutoka chini kwenda juu. Mtindo wa kimataifa una mistari a, b, c na d. Mstari wa a ni kilichomaliza uhai. Kila mstari wa chini yake ni kilichosababisha wa juu. Mfano: (a) shoku ya kupoteza damu, (b) kupasuka kwa bandama, (c) kupigwa tumboni na kitu butu. Kesi ya jinai iko kwenye c. Shoku hapo si woga wala kushtuka. Ni mwili kukosa damu ya kutosha kulisha viungo. Ukikuta mstari mmoja tu unaosema “moyo na mapafu kusimama”, hujaambiwa kitu. Hakuna maiti ambaye moyo wake haukusimama.

Bandama inastahili neno zaidi kwetu sisi tunaoishi na malaria. Bandama iliyovimba kwa malaria ya mara kwa mara hupasuka kwa pigo ambalo mtu mwingine angeinuka na kuondoka. Daktari akiandika imekua, iulizwe ilikuwa na uzito gani. Hilo halimtoi mshtakiwa moja kwa moja, kwa kuwa sheria inamhesabu aliyeua hata aliyeharakisha kifo cha mtu aliyekuwa mgonjwa tayari. Lakini linagusa nia: pigo moja dogo kwa mtu mwenye bandama mbovu linaweza kutenganisha kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia. Vivyo hivyo kwa hoja maarufu kwamba “hospitali ndiyo iliyomuua”. Matibabu yaliyofanywa kwa nia njema na ujuzi wa kawaida, hata yakiwa na kosa, hayamwondoi aliyeleta jeraha.

Damu ndani ya fuvu ina majina mawili yanayofanana. Epidyuro huvuja haraka, juu ya utando wa ubongo, na mgonjwa anaweza kuzinduka, akaongea na kula, kisha akazimika saa chache baadaye. Sabdyuro hukaa chini ya utando, na kwa wazee au walevi wa siku nyingi huweza kujikusanya taratibu kwa siku au wiki. Kwa hiyo “alirudi nyumbani kwa miguu yake” si utetezi kamili, na si ajabu pia.

Waosha maiti huona weusi mgongoni na kuhitimisha kwamba marehemu alipigwa. Ukiona ripoti inasema livo motisi, hiyo ni damu iliyotuama upande wa chini baada ya moyo kusimama, kwa aliyelala chali ni mgongoni. Rigo motisi ni kukakamaa. Huanza saa chache baada ya kifo na joto huharakisha yote, kuanza na kuisha. Saa ya kifo inayokadiriwa kwa kukakamaa huko Tanga au Dar es Salaam ichukuliwe kama makadirio mapana sana.

Kwa waliofia shingoni, uliza alama ya kamba imekaaje. Aliyejinyonga, alama kwa kawaida hupanda kuelekea sikio au kisogo, na hukatika mahali fundo lilipokuwa. Aliyenyongwa na mtu, mara nyingi inazunguka shingo sawasawa. Petekia ni vidoa vidogo vya damu, hasa machoni. Vinaendana na kukabwa, lakini vina sababu nyingine pia.

Ripoti nyingine, kwa kifupi

Ya vinasaba kutoka kwa Mkemia Mkuu wa Serikali: ikisema mtu “hawezi kuondolewa”, haijasema ndiye. Tafuta kiwango cha uwezekano kilichoandikwa. Ya Isanga, Dodoma, taasisi ya afya ya akili wanakopelekwa washtakiwa, kuhusu akili ya mshtakiwa: hujibu maswali mawili tofauti, kama alikuwa na akili timamu siku ya tukio, na kama anaweza kufuata kesi leo. Ya umri kwa picha ya mifupa au meno: ni makadirio, na cheti cha kuzaliwa au maneno ya mzazi vinaweza kuwa na nguvu zaidi. Ya ulemavu kwa ajili ya fidia ya kazini: hakikisha asilimia imehesabiwa kwa mwili mzima au kwa kiungo tu, kwani ndiyo inayoamua kiasi cha fidia na namna itakavyolipwa.

Hatua ya mwisho: Muulize daktari

Mshtakiwa ana haki ya kutaka aliyejaza fomu aitwe, na hakimu anapaswa kumwambia haki hiyo. Itumie pale tu ambapo una swali. Ukimwita bila swali, unampa nafasi ya kueleza vizuri zaidi alichoandika vibaya. Maswali ya maana ni mafupi: Ulimwona lini, saa ngapi? Kingo zilikuwaje? Ulipima kwa rula au kwa macho? Jeraha hili lingeweza kutokana na kuanguka? Na kwa silaha iliyoletwa mahakamani? “Lingeweza” ikijibiwa ndiyo kwa yote mawili, umepata jibu, kaa chini. Usiongeze la sita.

Daktari akitumia neno usilolijua, sema hapo hapo kwamba hukulielewa na uombe alieleze kwa Kiswahili ili liingie kwenye mwenendo wa kesi.

Kuna kasoro za utaratibu ambazo Mahakama ya Rufani imeziona mara kwa mara: fomu kusomwa kabla ya kupokelewa, kupokelewa bila kusomwa kwa sauti, mshtakiwa kutoambiwa haki ya kumwita daktari. Matokeo yake fomu huondolewa kwenye kumbukumbu. Mshtakiwa asishangilie mapema. Kama daktari alisimama na kueleza kwa mdomo alichokiona, maneno yake yanabaki. Kama mlalamikaji aliaminika, ushahidi wake unaweza kutosha peke yake. Mlalamikaji naye, kwa sababu hiyo hiyo, asitegemee karatasi imsemee. Eleza mwenyewe, kwa mpangilio, ulipigwa na nini, wapi mwilini, na ulikuwa umesimama, umelala au unakimbia.